Jembe la Mama Cherehani

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii imeonewa kwa muda mrefu. Watu huinong'ona jikoni wakiona mgeni ameongeza siku na sukari inapungua, na huitumia kama ufagio wa kumsukumia mtu mlangoni. Lakini waliotuachia maneno haya hawakusema siku ya tatu mpe nauli. Walisema mpe jembe. Na jembe hapewi mpita njia. Hupewa yule ambaye mwenye shamba anatarajia kula naye mavuno. Asiyeamini na asikilize yaliyotokea katika nyumba moja iliyotazama bahari.

Nyumba hiyo ilikuwa katika ghorofa ya nne, nao walioishi humo walikuwa mtu na mkewe. Mume alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mizaha, na kwa kuwa mganga hajigangi, lifti ya jengo lao wenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote mjini. Mke alikuwa mfamasia. Wenzake kazini walimwita Dozi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya bila kulipima: sabuni ya nguo, maji ya wali, hata maneno ya pole msibani.

Dozi alifiwa na mama yake akiwa hajaota meno ya ukubwani, akalelewa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyejua heshima kuliko alivyojua kucheka. Kwa hiyo baba mkwe wake alipofariki na mama mkwe akabaki peke yake katika mji wa milimani, Dozi ndiye aliyemwambia mumewe, "Mlete mama akae na sisi. Si kwa kutembea. Akae moja kwa moja." Hakulisema hilo kwa kutimiza wajibu. Maisha yake yote alikuwa ametamani kuwa na mtu ndani ya nyumba wa kumwita mama.

Mama mkwe akaja. Alikuwa ameshona sare za shule tangu ujana wake, na kwao hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Mama Cherehani. Macho yalipoanza kugoma kuona tundu la sindano, alimwachia mdogo wake kazi ya kushona, yeye akahamia nyuma ya nyumba, akalima mboga na kupanda miwaridi iliyowafanya wapita njia wasimame. Mikono yake ilikuwa haijawahi kulala mchana.

Kabla mgeni hajafika, shangazi alikuwa amepiga simu. "Nisikilize wewe," alisema. "Mkwe akishika ufagio ndani ya nyumba yako, aibu si yake, ni yako. Nisije nikasikia."

Dozi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Akambeba mama mkwe wake kama yai. Mama Cherehani akinyanyua kikombe akakioshe, alinyang'anywa. Akiinama kuokota uzi zuliani, aliambiwa, "Acha mama, nitaokota mimi." Akiingia jikoni, kiti kilikuwa kimeshavutwa sebuleni. "Keti mama, umefanya kazi ya kutosha duniani." Naye alikuwa mtu mwenye adabu, akaketi. Aliketi na mikono yake mapajani kama abiria anayengoja kuitwa, wiki zikapita, mwezi ukapita, na mwingine. Chakula kilikuwa kitamu, lakini sahani yake ilirudi jikoni na nusu yake. Mashavu yakaanza kuingia ndani.

Jioni moja baada ya chakula akasema, kwa sauti ile ya kuomba chumvi mezani, "Wanangu, mwisho wa mwezi ujao nitarudi. Mdogo wangu amenitengea chumba."

Dozi aliacha kukusanya sahani. "Kuna nilichokukosea, mama?"

"Aa! Ukosee nini mwanangu? Umenitunza mno. Lakini mgeni hata akae vipi, mwisho wake ni njia."

Chumbani Dozi alimgeukia mumewe. "Anakosa nini mama yako? Niambie."

Fundi alifikiri. "Labda bustani yake. Kule akiamka ilikuwa lazima asalimiane na maua kwanza, ndipo atusalimie sisi watu."

Basi Dozi akaona njia. Kama mama amekosa bustani, bustani itamfuata hapo hapo ghorofani. Nyumba yao ilikuwa na roshani pana inayotazama bahari, tupu kabisa isipokuwa kamba ya nguo. Kesho yake alikwenda kwenye kitalu cha miche akachagua kwa macho na kwa moyo: miwaridi ya rangi tatu, maua yenye petali laini kama karatasi ya kufungia zawadi, na mimea ya majani mapana yenye mistari. Vyungu vikapandishwa kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imelala tena, na muuza miche alipofika juu alimtazama fundi kwa jicho ambalo fundi hakulisahau upesi.

Mama Cherehani alipofungua mlango wa roshani, macho yalimng'aa. Akanyoosha mkono kugusa udongo.

"Usijichafue, mama," Dozi akamwahi. "Wewe kazi yako kutazama tu. Nitamwagilia mimi kabla sijaenda kazini."

Mkono ukarudi. "Asante mwanangu," alisema mama. "Pazuri sana."

Hazikupita wiki mbili. Upepo wa baharini hauna ubaya na mtu, lakini haujui kuja mikono mitupu. Hubeba chumvi, na chumvi ile ilianza kazi yake kimya kimya. Ncha za majani zikawa kahawia, kwanza upande unaotazama maji, kisha pande zote. Petali zikajikunja. Miwaridi ikadondosha majani mpaka ikabaki miiba. Dozi alichanganyikiwa, na kwa kuwa kila mtu hukimbilia anachokijua, yeye alikimbilia dawa. Alileta mbolea ya maji, akaipima kwa bomba la sindano, akawapa wagonjwa wake asubuhi na jioni. Wakafa haraka zaidi. Akanunua wengine wa aina ile ile, akawapanga pale pale. Nao wakafuata wenzao.

Mama Cherehani aliyaona yote. Siku ya kwanza majani yalipobadilika alipitisha kidole juu ya jani, akakiweka ulimini, akakunja uso. Kisha akarudi kitini kwake akanyamaza. Mkwe wake alipomwuliza, "Bustani inapendeza, mama?" alijibu kwamba inapendeza. Moyo ulimuuma kuyaona maua yakifa mbele yake, lakini yalikuwa maua ya watu.

Siku moja mezani fundi akashindwa kujizuia. "Mama, wewe umepanda maua miaka yote ile. Hukuona kwamba haya yanaungua?"

"Niliona."

"Unajua kinachoyaunguza?"

"Chumvi. Ipo kwenye vyuma vya roshani, ipo kwenye vioo, ipo kwenye majani. Nimeilamba."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Cherehani alishangaa kuulizwa. "Mgeni akiona mchuzi umezidi chumvi, mwanangu, huomba maji ya kunywa. Hamwambii mwenye nyumba."

Dozi aliweka kijiko chini. Kati ya maneno yote hayo alikuwa amesikia moja tu. Mgeni. Baada ya vyote alivyofanya, bado mama huyu alikuwa mgeni. Aliomba radhi, akaenda jikoni, akafungua bomba ili kilio chake kisisikike. Mumewe akamfuata.

"Nimemfanyia kila kitu," Dozi alisema kwa kwikwi. "Kila kitu! Nimekosea wapi?"

Fundi, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha, alimfungia bomba. "Ndiyo, umemfanyia kila kitu. Hukumwachia hata kikombe kimoja. Mimi mwenyewe ungenitendea hivyo ningeshahama."

Dozi hakulala vizuri. Maneno ya shangazi yalikuwa upande mmoja wa mto, ya mumewe upande wa pili. Alijua kabisa shangazi akisikia mkwe ameshikishwa kazi, atapiga simu mpaka betri iishe. Alijua pia kwamba mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Akapiga moyo konde.

Asubuhi ya mapumziko yake alikwenda dukani, akarudi na jembe dogo la mkono, lenye mpini wa mti. Alimkuta Mama Cherehani kwenye kiti chake cha kila siku. Akapiga magoti mbele yake, akamwamkia, kisha akamkabidhi lile jembe kwa mikono miwili.

"Mama, naomba unisaidie. Nimeshindwa na roshani."

Mama Cherehani alilitazama jembe, akamtazama mkwewe. Halafu akasema polepole, "Kumbe siku ya tatu imefika."

Damu ilimkauka Dozi. Hakuwa ameikumbuka methali. "Hapana mama! Sikufukuzi! Wallahi sikufukuzi! Sikupi jembe uondoke, nakupa ubaki. Mimi sitaki mgeni. Wageni ninao kazini, wanakuja na kuondoka kutwa nzima. Mimi nataka mama."

Akalia waziwazi, bila bomba la kumfichia. Mama Cherehani aliliweka jembe mapajani, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Basi nyamaza," alisema. "Nilidhani hutaniambia kamwe. Nyanyuka, usiniloweshe. Niletee kile kifuko changu cha vitambaa."

Mshonaji hatupi kitambaa. Ndani ya kifuko hicho mlikuwa na vipande vyeusi vilivyobaki kwenye sketi za shule za miaka mingi. Dozi alidhani mama anataka kushona. Kumbe alitaka kuvifunga: vingine kwenye vyuma vya mbele, vingine ukutani karibu na mlango, na kimoja kwenye kona ya kushoto iliyojificha nyuma ya nguzo.

"Hivi ni vya nini, mama?"

"Wewe ulianza na kitambaa, mwanangu. Ukaona kizuri, ukanunua, ukakata. Fundi wa nguo haanzi na kitambaa, anaanza na mwili. Kwanza tuipime roshani hii, tujue bega lake liko wapi na kiuno kiko wapi."

Baada ya siku chache za upepo, roshani ilikuwa imejieleza yenyewe. Vitambaa vya mbele vilikuwa vimekakamaa kama kola iliyotiwa wanga, na unga mweupe umeota juu yake. Vya ukutani vilikuwa na madoa kidogo tu. Cha kwenye kona nyuma ya nguzo kilibaki cheusi kama kilivyofungwa.

Dozi alivishika kimoja kimoja, na ule umahiri wake wa kazini ukaamka. "Kwa hiyo tatizo si chumvi peke yake, ni kipimo chake," alisema. "Hapa dozi kubwa, hapa ya kati, hapa hakuna kabisa. Kila mmea tuupe mahali unapoweza kuvumilia."

"Sasa unasema," mama akamjibu. "Twende tukatafute wavumilivu."

Mama Cherehani alikuwa mtu wa milimani. Mimea ya pwani hakuijua kwa majina. Lakini alijua kutazama. Waliteremka ufukweni wakatembea kando ya ukuta wa mawe, wakichungulia kila kilichoota pale bila kupandwa na mtu. Mama alisimama kwenye kila mmea kama anayekagua wanafunzi mstarini.

"Angalia wanavyovaa," alisema. "Huyu jani lake nene, limejaa maji ndani. Huyu kavaa koti linang'aa kama la mpira, chumvi inateleza. Huyu ana vinyweleo vyeupe, kavaa sweta. Na huyu kajikondesha majani mpaka yakawa kama sindano, upepo hauna pa kumshika. Yale maua yako yalikuja baharini na nguo za kulalia."

Dozi alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mgeni afike.

Kwenye kitalu, muuza miche aliwakimbilia na chungu mkononi. "Mama, hili linatoa ua kubwa kama sahani!"

"Sahani hiyo itavunjika na upepo, mwanangu. Nipe yule aliyekunja uso kule nyuma."

Walirudi na mishubiri, mkonge mdogo wa chunguni, bogenvilia mbili zenye miiba na ubishi, rozimari yenye majani ya sindano, na ile mimea midogo ya majani manene inayofungua maua yake jua linapopanda. Vyungu walichagua vya udongo, vizito, visiangushwe na upepo. Udongo wenyewe waliuchanganya na mchanga wa mtoni na kokoto ili maji yapite bila kutuama. Mishubiri na mkonge wakasimama mbele kama walinzi. Bogenvilia na rozimari zikakaa safu ya pili. Na kwenye kona ya nguzo, pale kitambaa kilipobaki cheusi, mama akaomba mwaridi mmoja. Mmoja tu, kwa ajili ya roho yake.

Si kwamba kila kitu kilikwenda kama maji mteremkoni. Mama Cherehani aliamua kwamba mnanaa ni mgumu kama yeye, akauweka mbele kabisa. Ulikauka ukawa kama majani ya chai.

"Huyu vipi, mama?" fundi alimtania. "Si ulisema ni mwenzako?"

"Mimi nimekula chumvi nyingi," mama akajibu bila haya. "Yeye ndiyo kwanza ameonja." Akaung'oa, akapanda mwingine karibu na mlango, nao ukakubali. Na kila upepo ulipovuma kwa nguvu, Mama Cherehani alitoka na kopo la maji baridi akaisuuza mimea yote majani, akisema nayo, akiikemea, akiisifu. Sahani yake ikaanza kurudi jikoni tupu. Nayo haikurudishwa na mtu mwingine. Aliibeba mwenyewe, akaiosha mwenyewe, na Dozi alijifunza kuuma ulimi na kumwacha.

Alasiri moja Dozi alikuwa chumbani akikunja nguo. Ghafla akasikia sauti ikipasua nyumba kutoka roshanini.

"Dozi! We Dozi! Nani ameweka visahani chini ya vyungu vyangu?"

Dozi akatoka mbio. "Mimi mama, niliona maji yanachafua sakafu..."

"Sakafu inapigwa deki! Chumvi inashuka na maji ili itoke, wewe unaikingia kisahani ili inywewe tena? Umesoma miaka yote ile huoni? Viondoe, viondoe sasa hivi, na usiniguse udongo wangu bila kuniuliza!"

Dozi aliinama akaviondoa kimoja kimoja. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa maji na mdomo unacheka, na mumewe aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na mfuko wake wa spana alishindwa kuelewa.

"Kuna nini? Umegombezwa?"

"Nimegombezwa," alisema Dozi, kwa fahari ya mtu aliyetunukiwa. Maana shangazi yake alikuwa amemfunza mengi, na wateja walikuwa wamemfokea mara nyingi, lakini kugombezwa na mama, kwa jina lake, ndani ya nyumba yake, alikuwa hajawahi. Mgeni hamgombezi mwenye nyumba.

Hata hivyo hakuthubutu kuuliza. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na mama hakuwa ametamka lolote, wala la kukaa wala la kuondoka. Dozi aliuona mwezi ukiisha kama anayeona dawa ikiisha kwenye chupa.

Ndipo simu ikalia. Mama Cherehani alikuwa roshanini, udongo umemfika viwikoni, akaipokea kwa kidole kimoja na kuiacha iongee kwa sauti juu ya ukingo wa dirisha. Alikuwa mdogo wake wa milimani. Dozi alikuwa sebuleni na trei ya chai. Akasimama palepale alipokuwa.

"Dada, chumba kiko tayari," sauti ilisema. "Nimetandika. Tukupokee lini?"

Mama Cherehani alimalizia kushindilia udongo kwenye shina la bogenvilia kabla hajajibu.

"Nitakuja, mdogo wangu. Nitakuja kukutembelea."

"Kunitembelea? Si ulisema unarudi?"

"Siku mbili tu. Nikikaa ya tatu mtanipa jembe, na mimi jembe langu liko huku nyumbani."

Trei iliinama mikononi mwa Dozi, chai ikamwagika kwenye visahani. Mama aligeuka akamwona.

"Unasimama nini hapo na machozi?" akamwambia. "Chukua kopo. Upepo wa leo ulikuwa mkali, na majani hayajaoshwa."

Dozi akaweka trei chini, akachukua kopo, akaenda kuosha majani pamoja na mama yake. Wanaosema methali ile ni ya kumfukuzia mtu hawaijui. Ukimpenda mgeni, mkaribishe siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.